Mlio Mlimani: Somo Tulilofundishwa na Pikapu ya Chuo

Mkufunzi wa mbinu za kufundishia ana hatari moja imwandamayo siku zote, nayo ni kufundisha wengine jambo asilolitenda yeye mwenyewe. Kwa miaka mingi tumesimama mbele ya wanachuo tukiwahimiza wawape watoto nafasi ya kuuliza, kuchunguza na kukosea. Tumeyaandika maneno hayo ubaoni, tumeyatungia maswali ya mtihani, na tumewapunguzia alama walioyasahau. Hata hivyo, maana yake hasa tulikuja kuifahamu kwa sababu ya gari bovu. Kisa chenyewe tunakisimulia hapa si kwa kujisifu, kwani sifa zilizomo si zetu. Tunakisimulia kwa kuwa tunaamini kwamba wako wakufunzi wenzetu ambao wamepata kuteleza palepale tulipoteleza sisi.

Gari na mlio wake

Chuo kilikuwa na pikapu kuukuu iliyotengenezwa mwaka 1984, yenye injini ya petroli ya silinda nne, kabureta na distributa. Gari hilo ndilo lililowachukua wanachuo, magodoro na masanduku yao kwenda shule za milimani wakati wa mazoezi ya kufundisha. Njia yake ilikuwa ile itokayo Mombo kwenda Lushoto, ambayo hupanda milima ya Usambara kwa kiasi cha kilomita 33, kutoka tambarare ya joto iliyo mita mia nne na ushei juu ya usawa wa bahari hadi mji ulio karibu mita 1,400. Aliyepata kupita njia hiyo anazijua kona zake na bonde lake refu upande mmoja.

Katika mhula wa pili wa mwaka 2016 injini ilianza kutoa mlio usio wa kawaida. Mlio huo ulikuwa mkavu na wa haraka, mfano wa kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe. Haukusikika gari likiwa limesimama, wala katika barabara tambarare. Ulisikika mlimani tu, gari likiwa na mzigo na dereva amekanyaga mafuta. Akiondoa mguu, mlio ulikoma papo hapo. Akirudi gia ya chini, ulipungua.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Dereva wetu, mzee aliyeendesha magari tangu ujana wake, alisema, "Mwalimu, petroli ya siku hizi si petroli." Fundi wa gereji alidhani ni tapeti. Mhasibu alihofia kwamba injini imeanza kunoki na akashauri gari liuzwe likiwa bado linatembea. Sisi, tuliokuwa tukifundisha sayansi kwa wanachuo wa mwaka wa pili, tuliona hapo pana mfano mzuri wa kuleta darasani. Tuliandaa somo kwa uangalifu, na kwa bahati mbaya tuliandaa na jibu pia.

Somo la kwanza, na kosa letu

Tuliwaeleza wanachuo yale yaliyo sahihi. Ndani ya silinda, cheche ya plagi huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa, nao moto huenea kutoka kwenye plagi kwenda pande zote, upesi lakini kwa utaratibu. Sehemu ya mchanganyiko ambayo bado haijafikiwa na moto hubanwa na kupata joto kali. Joto na mgandamizo vikizidi, sehemu hiyo hulipuka yenyewe mara moja kabla moto wa plagi haujaifikia. Mlipuko huo hutikisa hewa iliyomo silindani mara 6,000 au 7,000 kwa sekunde, na mtikisiko huo ndio mlio wa kokoto. Haugongani chuma na chuma, kama wengi wanavyodhani.

Tukaendelea kueleza kwamba petroli hutofautiana kwa uwezo wa kuvumilia mgandamizo. Uwezo huo hupimwa kwa kipimo kiitwacho okteni, ambacho hulinganisha petroli na vimiminika viwili: isooktani iliyopewa namba 100, na heptani iliyopewa namba 0. Tukawasimulia jinsi Thomas Midgley wa Marekani alivyogundua mwaka 1921 kwamba mchanganyiko wenye madini ya risasi huzuia mlio huo. Jinsi risasi hiyo ilivyoonekana baadaye kudhuru akili za watoto. Na jinsi nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilivyoafikiana Dakar mwaka 2001 kuiondoa katika petroli, kazi ambayo karibu zote zilikuwa zimeimaliza ilipofika mwanzo wa mwaka 2006. Basi, tukahitimisha, gari lililotengenezwa mwaka 1984 linalalamikia petroli. Dawa yake ni kununua petroli yenye okteni ya juu.

Somo lilikuwa limepangika vizuri. Hapo mwanachuo mmoja, binti mtaratibu aliyeketi safu ya nyuma na ambaye hakuwa na desturi ya kusema, aliinua mkono.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Kama ni petroli, mbona mwaka jana gari lilitumia petroli hiyohiyo na halikulia? Halafu mimi hukaa nyuma kwenye gari. Linalia zaidi huku chini karibu na Mombo kuliko kule juu tukishapita Soni, na kule juu pia kuna milima."

Hatukuwa na jibu. Tungalisema hivyo, kisa hiki kingalikwisha mapema. Badala yake tulimwambia kwamba maswali yangefuata mwisho wa kipindi, nasi tukahakikisha kwamba kipindi kinakwisha kabla ya maswali. Yeye aliketi, na kwa wiki mbili hakuinua mkono tena.

Petroli ya bei ya juu ilinunuliwa. Mlio ulipungua kidogo, nasi tukajiona washindi. Baada ya siku chache gari lilipakiwa madawati ya shule moja ya mlimani, likapanda njia nzima mchana wa jua kali. Liliporudi lilikuwa na misi. Fundi alifungua plagi, akaishika ya silinda ya tatu mbele ya mwanga, kisha akatupa na sisi tuitazame. Juu ya kaure yake nyeupe palikuwa na chembe ndogo ndogo zing'aazo kama vumbi la fedha.

"Hii ni alumini, Mwalimu," alisema. "Pistoni imeanza kuliwa."

Tulielewa mara moja maana ya maneno yale. Milipuko ilikuwa imeanza kuyeyusha uso wa pistoni. Safari nyingine mbili tatu za namna ile, na pistoni ingetoboka, pengine katika mojawapo ya kona zile, wanachuo kumi na wawili wakiwa nyuma. Tungeweza kuyajua hayo wiki mbili kabla, kwani mtu aliyesikiliza vema kuliko sisi alikuwa ametuambia kwamba jibu letu halitoshi.

Somo la pili

Siku iliyofuata tuliingia darasani bila maandalio ya somo. Tuliwaonyesha wanachuo ile plagi, tukawaambia kwamba jibu letu lilikuwa na upungufu, kisha tukamwomba yule binti arudie maswali yake mawili. Tuliyaandika juu kabisa ya ubao, na hatukuyafuta hadi kazi ilipokwisha.

John Dewey, katika kitabu chake cha mwaka 1910 kuhusu namna tunavyofikiri, alieleza kwamba fikira ya kweli huanza kwa mtu kuhisi ugumu, kisha kuubainisha, kisha kukisia ufumbuzi, kuupima kwa hoja, na mwisho kuujaribu kwa vitendo. Hatua hizo tulikuwa tukizifundisha kila mwaka. Lakini sisi wenyewe tulikuwa tumeruka kutoka ya kwanza hadi ya tatu, na hapo tukaweka kambi.

Wanachuo walichora jedwali lenye safu nne: sababu inayowezekana, kama ni kweli, tutarajie kuona nini, tutaipima vipi, na gharama yake. Katika safu ya kwanza waliandika petroli dhaifu, injini kupata joto kupita kiasi, taimingi iliyowahi mno, mchanganyiko wenye petroli kidogo, masizi yaliyoganda ndani ya silinda, plagi zisizo za aina yake, na dereva kung'ang'ania gia ya juu. Mzee dereva alikuwa amealikwa darasani. Hiyo ya mwisho ilimfanya acheke, lakini hakuikataa.

Walikubaliana juu ya kanuni tatu. Kwanza, kuanza na vipimo visivyo na gharama. Pili, kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Tatu, kupima katika hali zilezile: mteremko uleule uliowekewa alama ya jiwe la chokaa, mifuko kumi ya saruji yenye jumla ya kilo 500, gia ya tatu, mwendo uleule na saa ileile ya mchana. Kwa kuwa hatukuwa na chombo cha kupimia mlio, wasikilizaji watatu walipangwa, na kila mmoja aliandika alama kuanzia 0 hadi 5 katika karatasi yake bila kumwangalia mwenziwe.

Vipimo vya kwanza vilikwenda haraka. Rejeta ilikuwa imejaa na mkanda wa feni umekaza. Plagi zilikuwa za namba iliyotajwa katika kitabu cha gari. Kabureta ilisafishwa, na mlio haukubadilika. Kila sababu iliyoshindwa ilipigwa mstari ubaoni. Tulishangaa kuona jinsi wanachuo walivyoufurahia mstari ule, kana kwamba kila kushindwa kulikuwa ushindi. Kwa hakika kulikuwa hivyo.

Ikafika zamu ya taimingi. Cheche haina budi kuruka kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa sababu moto huhitaji muda wa kuenea. Wanachuo walipiga hesabu wenyewe: injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, krenki hupita nyuzi 12 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa hiyo injini ikiongeza mizunguko, cheche nayo hutakiwa kuwahi zaidi. Ikiwahi kupita kiasi, mgandamizo wa moto hukutana na pistoni ingali inapanda, na mlio huzaliwa.

Fundi alileta taa ya kupimia taimingi, akaielekeza kwenye puli ya krenki injini ikiwa inaunguruma polepole. Alama ilisimama kwenye nyuzi 8, sawasawa na kitabu. "Taimingi ni nzima," alisema, akaanza kukunja nyaya zake.

Yule binti alikuwa amesimama kando ya bawabu ya injini iliyo wazi. Safari hii hakungoja kuitwa. "Samahani, fundi. Umeipima likiwa limesimama. Lakini likiwa limesimama halilii."

Fundi alimtazama kwa muda. Kisha alizikunjua nyaya, akamwomba dereva akanyage mafuta kidogo kidogo. Badala ya alama kusogea taratibu kadiri mizunguko ilivyoongezeka, mara ilipopita kiasi cha 1,500 iliruka, na ilipofika 2,000 ilikuwa imekwisha kufika mahali ambapo, kwa mujibu wa kitabu, ingepaswa kufika injini ikizunguka karibu maradufu.

Distributa ilifunguliwa. Chini ya bamba lake mna vyuma viwili vidogo ambavyo hutanuka kwa nguvu ya mzunguko na kuiwahisha cheche, navyo huzuiwa na springi mbili, moja nyembamba na nyingine nene. Ile nyembamba hutawala mwanzo, ile nene hutawala baadaye. Springi nene ilikuwa imekatika. Injini ilipozunguka polepole kila kitu kilionekana sawa, kwani springi nyembamba ilikuwa hai. Lakini katika mizunguko ileile ambayo gari hupandia mlima kwa gia ya tatu, hapakuwa na kitu cha kuvizuia vyuma vile.

Kuthibitisha

Kazi haikuishia hapo. Wanachuo walitaka kujua kama springi hiyo inajibu maswali yote yaliyokuwa ubaoni. Mwaka jana gari halikulia kwa sababu springi ilikuwa nzima. Petroli ya okteni ya juu ilisaidia kidogo kwa sababu ilivumilia kosa ambalo haikulisababisha. Mzee dereva, kwa hiyo, alikuwa na sehemu ya ukweli. Na kule juu mlio ulipungua kwa sababu hewa hupungua uzito kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000 za kupanda, na ni baridi zaidi; silinda ilivuta hewa kidogo, mgandamizo ukapungua. Ishara aliyoiona binti yule kutoka nyuma ya gari ilikuwa kweli tupu ya fizikia.

Kabla ya kutafuta springi, walifanya jaribio moja ambalo tunawapendekezea wakufunzi wote. Fundi aliizungusha distributa kidogo ili kuichelewesha cheche kwa nyuzi chache. Gari lilipandishwa mara sita, mara tatu likiwa limecheleweshwa na mara tatu likiwa kama kawaida, kwa mpangilio uliojulikana na fundi peke yake. Wasikilizaji hawakuambiwa lolote. Zilipokusanywa karatasi, wote watatu walikuwa wamezitambua safari zote sita.

Baadhi ya wanachuo walisema, basi, tuliache gari hivyo; mlio umekwisha. Mzee dereva akatikisa kichwa. "Limenyamaza," alisema, "lakini halina nguvu. Linapanda kama ng'ombe mgonjwa." Alisema kweli. Kuichelewesha cheche kwa jumla kulizima mlio, lakini kulifanya injini ifanye kazi vibaya katika mizunguko mingine yote, na ugonjwa ulibaki palepale. Tulipoyasikia maneno yake tulikumbuka zile wiki mbili ambazo binti yule hakuinua mkono, na jinsi tulivyolifurahia darasa lililotulia.

Springi ilipatikana katika distributa chakavu ya aina ileile. Ilipofungwa na taimingi kupimwa upya, gari lilipanda kwa petroli ya kawaida, likiwa na mifuko kumi ya saruji, na karatasi zote tatu zikaandikwa 0. Katika gia ya nne na mwendo mdogo mlio hafifu uliweza kusikika bado. Wanachuo waliuandika katika ripoti yao bila kuuficha, na mzee dereva akaahidi kubadili gia mapema.

Mafunzo kwa wakufunzi

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulitaka shule zetu zijenge akili ya kuuliza na uwezo wa kujifunza kutoka kwa wengine. Wengi wetu tumeuelewa wito huo kuwa ni wa mashamba na karakana, tukasahau kwamba unamhusu pia mwalimu aliyeshika chaki. Kutokana na kisa hiki tumejiwekea desturi chache, nazo ni hizi.

Tuletapo tatizo la kweli darasani, twende nalo kabla hatujalitatua. Tatizo ambalo mwalimu amekwisha kulipatia jibu ni kitendawili tu, na wanafunzi hulitambua hilo upesi.

Dalili zikusanywe kabla ya sababu. Lini kitu hutokea ni swali zuri, lakini lini hakitokei ni swali zuri zaidi. Gari lililia mlimani na halikulia likiwa limesimama. Kipimo kilichofanywa likiwa limesimama kisingeweza kutuambia lolote la maana. Vivyo hivyo, mtoto ashindwaye kusoma mbele ya wenzake hatapimwa sawasawa akiwa peke yake na mwalimu.

Jambo moja libadilishwe kwa wakati mmoja, na anayepima asijue ni lipi, kila inapowezekana. Sikio hupenda kusikia lilichotarajia.

Dalili ikitoweka, tuulize kama ugonjwa umetoweka pia.

Na swali lisilo na jibu liandikwe ubaoni lisifutwe. Hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu hutukumbusha kila siku kwamba tunayo mambo tusiyoyajua mbele ya watu tunaotakiwa kuwafundisha.

Mwisho wa mhula tulimwomba radhi mwanachuo yule mbele ya darasa zima. Aliona haya, akasema, "Mwalimu, mimi niliuliza tu." Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi. Springi iliyokatika na ile plagi yenye chembe za alumini tumeziweka katika kabati la zana za kufundishia, na kila mwaka, kabla ya wanachuo kwenda mazoezini, tunawapitishia mkononi, nao huuliza ni kitu gani. Tunawaambia watazame kwanza.